Umekunywa au Hukunywa?

Neno "kipimo" limebeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Daktari akikuandikia vidonge, kile kiasi alichokupangia ni kipimo. Akikutoa damu akaipeleka maabara, hicho nacho ni kipimo. Ukitoka hapo ukapita dukani, muuza mchele naye ana kipimo chake, na kama ni mzee wa zamani atakutajia kibaba na pishi. Kwa mwenye duka mambo ni mepesi: alichokipima ndicho kilichoingia mfukoni mwako. Kwa dawa sivyo. Kinachoingia mdomoni na kinachokutwa kwenye damu ni vitu viwili, na kati yao kuna tumbo, kuna ini, kuna figo, kuna chakula ulichokula asubuhi, kuna na urithi wa babu zako. Watu wawili wanaweza kugawana pakiti moja ya vidonge, mmoja akapona na mwenzake akabaki kitandani, na wote wawili wamemeza sawasawa.

Huyo aliyebaki kitandani ndiye ninayetaka kumzungumzia. Maana yeye, kabla ya kuulizwa chochote kingine, huulizwa swali ambalo kila mtu aliyekulia pwani hii amewahi kulisikia: "Umekunywa dawa au hukunywa?" Swali lenyewe halina ubaya. Ubaya ni kwamba mara nyingi jibu limeshaandaliwa. Dawa haijafanya kazi, basi mgonjwa hakunywa. Au kaacha njiani. Au kampa mwanawe nusu. Tuna hata msamiati wetu wa mashitaka haya: "nusu dozi", "hakumaliza dozi", "kala dozi mbovu". Sasa, historia ya kupima dawa ndani ya damu, ukiisoma kwa jicho la mgonjwa badala ya jicho la mkemia, ni historia ya kutafuta shahidi katika kesi hii. Na kama mashahidi wote, kuna siku aliitwa na mwenye haki na kuna siku aliitwa na mwenye nguvu.

Kabla ya mashine, mwili wenyewe ndio uliotoa ushahidi. Kwinini ikizidi kwenye damu, masikio huvuma. Aliyewahi kuwekewa dripu ya kwinini anaujua ule mlio, kama kuna nyuki ndani ya fuvu, na watu wanaokuja kukuangalia unawaona midomo inacheza tu. Madaktari wa karne ya 19 waliutumia mlio huo kama mizani: masikio yakianza kuvuma, dawa imefika, yasipovuma, ongeza. Ilikuwa mizani ya hatari, maana kutoka kwenye mlio hadi kupoteza macho au moyo kwenda mrama si mbali sana. Lakini ilikuwa na uadilifu wake. Mgonjwa ndiye aliyeulizwa, na neno lake ndilo lililopokelewa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya vita. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, kisiwa ambako ndiko kulikokuwa kunatoka sehemu kubwa mno ya kwinini ya dunia. Majeshi ya Uingereza na Marekani yakajikuta yanapigana kwenye misitu ya malaria bila dawa waliyoizoea. Kilichokuwepo ni kidonge cha manjano kilichobuniwa na Wajerumani, mepakrini, kilichouzwa kwa jina la Atabrine. Askari walikichukia. Kilikuwa kichungu, kiliwageuza ngozi rangi ya manjano, kiliwapa kichefuchefu, na ukapita uvumi kwamba kinaua nguvu za kiume. Halafu, kibaya zaidi, hata waliokinywa walikuwa wakiumwa.

Kazi ya kutegua kitendawili hicho ilipewa kundi la watafiti katika hospitali ya Goldwater Memorial mjini New York, likiongozwa na James Shannon. Humo walikuwamo Bernard Brodie, mkemia, na kijana aliyeitwa Sidney Udenfriend. Badala ya kuuliza askari wamepewa vidonge vingapi, wao waliuliza kuna dawa kiasi gani kwenye maji ya damu yao. Wakatumia tabia moja ya mepakrini: ikimulikwa na mwanga wa aina fulani, inang'aa. Wakaitoa dawa kwenye damu, wakaimulika, wakapima mng'ao. Wakagundua kwamba dawa hii haikai kwenye damu. Inakimbilia kwenye nyama za mwili, kwenye ini hasa, na kujificha huko. Kwa utaratibu wa zamani wa vidonge vichache vichache kila siku, zilikuwa zinapita siku kadhaa kabla damu haijapata kiasi cha kutosha kuwaua vimelea. Katika siku hizo mgonjwa anatetemeka na homa yake, na mganga anasema "si unaona, dawa yenyewe haifai." Suluhisho likawa rahisi kulitamka: siku ya kwanza mpe nyingi, nyama zishibe, kisha endelea na kidogo kidogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1944. Wengi wanaoandika historia ya elimu ya dawa huhesabu pale Goldwater kuwa ndipo tiba ilipoanza kuongozwa na kiasi kilichomo kwenye damu. Kwa hiyo, msomaji, elimu hii ambayo leo inasikika kama mali ya hospitali za kitajiri ilizaliwa kwa ajili ya malaria, ugonjwa wetu.

Na haikuchukua muda kabla shahidi hajaitwa na mwenye nguvu. Mwaka huohuo wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakielewana kwa Kiswahili cha jeshini, walikuwa wakishuka bonde la Kabaw huko Burma, mvua za masika ya kule zikiwanyeshea. Walikuwa sehemu ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim. Slim mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi alivyolishughulikia suala la kidonge cha manjano: alifanya ukaguzi wa ghafla wa kikosi kizima, mtu kwa mtu, kuangalia kama wana dawa mwilini. Kikosi kikionekana kina dawa kwa watu chini ya asilimia 95, kamanda wake alifukuzwa kazi. Alifukuza watatu, waliobaki wakaelewa. Kijeshi ilikuwa akili kubwa, na malaria ilipungua kweli. Lakini tazama kilichotokea kwa kipimo. Pale Goldwater kilitafuta dozi inayomfaa mgonjwa. Kule Burma kilitafuta utii. Na hata hivyo nampa Slim haki yake: aliyeadhibiwa alikuwa kamanda, si askari. Hospitali zetu hazijafika huko.

Kuna kisa kingine cha vita hiyohiyo ninachokipenda zaidi. Waaustralia walikuwa na kituo chao cha utafiti Cairns, chini ya Neil Hamilton Fairley, ambako askari waliojitolea waliumwa na mbu makusudi ili kupima dawa. Fairley alithibitisha kwamba kidonge kimoja kwa siku, miligramu 100, kikinywewa kweli, kinamzuia mtu asiugue. Basi mwaka 1945, wakati askari wa Australia walipoanza kuanguka kwa mamia na malaria katika mapigano ya Aitape na Wewak, New Guinea, wakubwa walikuwa na jibu tayari: nidhamu imelegea, watu hawanywi. Wakaadhibu, wakasimamia umezaji, malaria ikaendelea. Baadaye askari wakapelekwa Cairns wakachunguzwa vizuri. Ikaonekana kwamba kwa baadhi yao dawa ilikuwamo kwenye damu, tena kwa kiasi kizuri, na vimelea walikuwa wakiogelea juu yake bila wasiwasi. Vimelea walishaizoea dawa. Askari walikuwa wakisema kweli.

Ukikielewa kisa hicho, umeielewa robo tatu ya yaliyotukuta sisi na klorokwini.

Klorokwini tuliipenda. Ilikuwa rahisi, iliuzwa hata kwenye maduka ya chumvi na sabuni, na kwa miaka mingi ilitibu. Ila ilikuwa na lake: muwasho. Watu weusi wengi wakiinywa mwili mzima unawasha usiku kucha, kuanzia viganjani mpaka nyayoni, na kujikuna hakusaidii. Kwa hiyo ni kweli kwamba wengi waliiacha njiani, vidonge vikabaki juu ya kabati kwa homa ijayo. Tuhuma ya nusu dozi haikutoka hewani.

Lakini ndipo ugumu unapoanza. Shirika la Afya Duniani, lilipokaa miaka ya 1960 kueleza maana ya usugu wa vimelea, lilisema usugu ni pale kimelea anapoendelea kuishi au kuzaliana ingawa dawa imetolewa na imefyonzwa, kwa dozi ya kawaida au zaidi. Imefyonzwa! Neno hilo moja lina uzito wa maabara nzima. Ukitaka kusema kwa uhakika kwamba dawa imeshindwa, inabidi kwanza uthibitishe kwamba ilifika. Na usipoweza kuthibitisha, lawama inarudi palepale ilipozoea kukaa, kwa mgonjwa.

Kwenye zahanati kilichowezekana ni mkojo. Kipimo cha Dill na Glazko kilihitaji chupa ndogo, rangi ya eosini na klorofomu kidogo: unatia matone kwenye mkojo, unatikisa, na rangi ikigeuka kutoka manjano kuwa nyekundu ya zambarau, klorokwini imo. Ni kipimo cha ndiyo au hapana. Kwa kuwa klorokwini hukaa mwilini kwa majuma mengi, mkojo ungeweza kusema "ndiyo" kwa sababu ya vidonge vya mwezi uliopita. Shahidi mwenye uoni hafifu, basi.

Habari za kwanza za usugu wa klorokwini Afrika zilikuja kupitia miili ya wageni. Mwaka 1979 madaktari wa Denmark waliandika kuhusu malaria sugu iliyotoka Kenya, na mwaka huohuo jarida la Lancet likachapisha habari za mtalii wa Kimarekani aliyeipata Tanzania. Vimelea wake walioteshwa maabara Marekani wakapewa dawa ndani ya vyombo, wakaishi. Sababu ya kitaalamu ya kwanza wageni ni nzuri: mtu mzima wa huku, ambaye mwili wake umepigana na malaria tangu utotoni, anaweza kupona hata kama dawa imefanya nusu ya kazi. Mgeni hana kinga hiyo, kwa hiyo dawa ikishindwa kwake inashindwa waziwazi. Naikubali sababu hiyo. Ila najiuliza ni akina mama wangapi wa Tanga na Kilifi walirudi na mtoto mwenye homa siku ya tano, wakaambiwa warudi nyumbani wakampe dawa vizuri safari hii.

Miaka ya 1980 ikaleta jambo dogo lenye faida kubwa: karatasi. Watafiti wa Sweden walionyesha kwamba tone la damu kutoka kidoleni, likidondoshwa kwenye karatasi ya kuchujia na kuachwa likauke, linaweza kusafirishwa na klorokwini yake ikapimwa baadaye kwenye mashine kubwa mjini. Hakuna barafu, hakuna sindano ya mshipani. Kwa visiwa kama vyetu, ambako umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, hiyo ilikuwa habari njema kuliko mashine yoyote. Wasomi wa Muhimbili walikwenda Stockholm kujifunza kazi hiyo, na mwaka 2003 Omary Minzi na wenzake wa Karolinska wakachapisha njia ya kupima klorokwini na amodiakwini kwa pamoja.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa kawaida Zanzibar. Utafiti wa mwaka 2001, uliofuatilia wagonjwa kwa siku 14 Unguja na Pemba, ulikuta klorokwini imeshindwa kwa asilimia 60. Katika tafiti za namna hii utaratibu ni kwamba mtoto anameza mbele ya mhudumu na kuangaliwa asije akatapika. Akitapika anapewa tena. Yaani njia ya zamani ya Slim, macho ya mkubwa, ndiyo iliyotumika kumsafisha mgonjwa. Novemba 2001 Wizara ya Afya ya Zanzibar iliamua kuachana na klorokwini, na Septemba 2003 dawa mseto, artesuneti na amodiakwini, ikaanza kutolewa. Yaliyofuata kila Mpemba anayajua: wodi za watoto zilizokuwa zikijaa masika yote zikabaki na vitanda vitupu.

Nisimfanye shahidi huyu kuwa malaika wa wagonjwa, maana hana upande. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa damu za wagonjwa wa malaria wa Tanzania bara, zilizochukuliwa kabla hawajapewa matibabu. Zaidi ya nusu yao walikutwa tayari wana dawa za malaria mwilini, wengine za aina ambayo hata haikuwa ikitolewa tena rasmi. Tunakunywa, bwana. Tunakunywa bila kusema, tunakunywa kutoka kwa jirani, tunakunywa kilichobaki. Tuhuma ya kwamba hatunywi ikageuka kuwa tunakunywa mno.

Na sasa nifike Kilifi, kwenye sehemu ya historia hii ambayo nimeisoma mara kadhaa na kila mara naisoma polepole.

Mtoto mwenye malaria ya kichwani hupata degedege. Degedege ikirudiarudia inaharibu ubongo, na watoto wanaopona huweza kubaki na ulemavu au kifafa. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Uingereza, waliojenga kituo chao Kilifi mwaka 1989, walijiuliza: kwa nini tusiwape watoto hawa fenobabitoni mapema, kuzuia degedege kabla haijaja? Mwanzoni walijaribu miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Walipopima damu, wakakuta kiasi kiko chini ya miligramu 15 kwa lita, ambacho vitabu vinakitaja kuwa ndicho cha kuanzia kufanya kazi, na degedege haikupungua. Hoja ikawa wazi, ni hoja ileile ya Goldwater: dozi haifiki, iongezwe. Wakapanga miligramu 20 kwa kilo, sindano moja, wakafanya jaribio kubwa. Watoto 340, nusu wakapata fenobabitoni, nusu sindano isiyo na dawa.

Degedege ilipungua kweli. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa 18 katika kundi la dawa na 46 katika kundi jingine. Kwa kipimo hicho, jaribio lilikuwa limefaulu. Lakini waliofariki walikuwa 30 kwenye kundi la dawa na 14 kwenye kundi lisilo na dawa. Watoto waliacha kupumua, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara tatu au zaidi. Mahali penye mashine ya kupumulia, mtoto aliyelemewa na fenobabitoni angesaidiwa mpaka dawa ipungue. Kilifi wakati huo haikuwa na mashine hizo. Matokeo yalitoka kwenye Lancet Februari 2000, na nawaheshimu walioyaandika kwa kuwa hawakuyapaka rangi.

Namba ya kwenye damu ilikuwa sahihi. Ila ile miligramu 15 kwa lita iliokotwa kwenye miili mingine, kwenye wodi nyingine, ambako kitanda kina mengi pembeni yake.

Pemba nayo ina kisa chake, na si mbali na hicho. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Mtaliano aliyefanya kazi ya minyoo na kichocho kisiwani hapa kabla ya kufariki mwaka 1993. Muda mfupi baadaye watafiti wa Zanzibar na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walianza jaribio ambalo limelifanya jina la Pemba lijulikane kwenye vitabu vya lishe duniani kote. Watoto 24,076, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Baadhi walipewa madini ya chuma na foliki, miligramu 12.5 za chuma kila siku, wadogo nusu yake. Kila mtu alijua kwamba watoto wa hapa damu yao ni pungufu. Kuwapa chuma lilionekana jambo lisilo na mjadala. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa, kwa kuwa waliopewa chuma walikuwa wakilazwa au kufariki zaidi, kwa asilimia 12.

Ndani ya jaribio hilo lilikuwamo kundi dogo ambalo damu yao ilipimwa mwanzoni. Humo ikaonekana kwamba waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Madhara yaliwaangukia wale ambao chuma walikuwa nacho. Baada ya matokeo kuchapishwa Januari 2006, Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwamba mahali penye malaria nyingi chuma kisigawiwe kwa watoto wote bila kujua nani anakihitaji. Najua chuma si dawa kama fenobabitoni ilivyo dawa. Lakini kujua kilichomo kwenye damu kabla ya kuongeza ndiyo kazi yenyewe, na somo hilo lilitoka kwenye vidole vya watoto wa Pemba.

Kifua kikuu nitakipitia kwa kasi, ingawa kinastahili makala yake. Huko ndiko kutoaminiwa kulikogeuzwa kuwa sera: mgonjwa anameza mbele ya msimamizi. Sasa, ukishamwangalia mtu akimeza, kesi si imekwisha? Haikwisha. Tangu miaka ya 1950 na 1960 ilijulikana kwamba maini ya watu wengine huivunja isoniazidi haraka na ya wengine polepole, kwa urithi tu. Na Kilimanjaro, watafiti wa Moshi walichapisha mwaka 2013 vipimo vya dawa za kifua kikuu kwenye damu za wagonjwa wa Kitanzania. Rifampisini na isoniazidi zilikutwa chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa baadhi yao, dozi zikiwa zilezile za kwenye mwongozo. Stellah Mpagama na wenzake wa hospitali ya Kibong'oto wamefanya kazi kama hiyo kwa wenye kifua kikuu sugu. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika Tanzania na Afrika Kusini lilitoa rifampisini hadi miligramu 35 kwa kilo, dhidi ya 10 za kawaida, na makohozi yakasafika mapema zaidi.

Hizo zote ni tafiti. Damu inachukuliwa, inapimwa, wastani unaandikwa, sera inabadilika baada ya miaka. Ni kazi ya maana na nimeisifu. Ila mgonjwa mmojammoja hapati jibu lake.

Mtaani kwetu Jadida, hapa Wete, kuna mama ambaye mwanawe wa miaka 11 ana kifafa. Fenobabitoni anakunywa, nimemwona mara nyingi akinywa, jioni baada ya magharibi, mama kasimama na kikombe cha maji. Mwaka jana alianguka mara tatu ndani ya wiki moja. Kwenye kituo alichompeleka, ambacho sitakitaja, mazungumzo yalikuwa haya, na nilikuwepo:

"Mama, huyu mtoto anakunywa dawa?"

"Anakunywa, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku. Namnywesha mwenyewe."

"Mbona anaanguka?"

Mama akanyamaza. Ungemjibu nini? Vidonge vya mwezi ule vilikuwa vya kiwanda kingine; alivionyesha, havikuangaliwa. Mwaka 1968, Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa walianza kupepesuka na kuona vitu viwiliviwili wakiwa na dozi yao ileile ya fenitoini. Damu zao zilipopimwa, dawa ilikuwa imezidi mno. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha unga unaojazwa ndani ya kidonge, na unga mpya uliiachia dawa ipite kwa wingi. Namba kwenye karatasi ya dozi haikubadilika hata kidogo. Huku kwetu, ambako dawa ikiisha bohari tunapokea yoyote itakayokuja na meli ijayo, jambo kama hilo linaweza kwenda kinyume pia, na hakuna atakayejua. Mtoto alipandishiwa dozi kwa kukisia. Akawa analala darasani. Mwalimu akasema mvivu.

Tone moja la damu kwenye karatasi lingetosha kuanzia. Linakauka kwa saa chache, linaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye boti. Mashine zipo Muhimbili, zipo Moshi. Kinachohitajika zaidi ya hapo ni fomu yenye maswali mawili: dozi ya mwisho ilinywewa saa ngapi, na damu imetolewa saa ngapi. Kwa fenobabitoni, inayoondoka mwilini polepole kwa siku kadhaa, saa haisumbui sana. Kwa rifampisini ndiyo kila kitu: damu hutolewa saa mbili baada ya kumeza, kisha saa sita baada ya kumeza, na usipojua alimeza lini, namba haina maana. Kwa hiyo mashine yote ile, na gharama yote ile, inaanza kwa kumwamini mgonjwa anachosema. Na kumwelewa pia. Maana mtu wa Jadida akikwambia alikunywa saa mbili asubuhi, na karani akaandika 2:00 kwenye fomu inayosomwa kwa saa za kizungu, tayari amekosea kwa saa sita.